Tumeazimwa kishikwambi kwa wiki nne: tupime nini kabla ya kuamua kama kinamfaa mwanafunzi?

Mwalimu_Darasa

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaovifahamu vifaa saidizi.

Nina mwanafunzi wa miaka 12 mwenye mtindio wa ubongo. Masomo anayaelewa vizuri. Shida iko mikononi: inakakamaa na kutetemeka, hivyo kwa penseli anatoa sentensi mbili au tatu kwa nusu saa, na ya mwisho haisomeki. Kuongea anaongea, ila anaeleweka na waliomzoea tu. Tumeazimwa kishikwambi kwa wiki nne. Zikiisha ni lazima tuseme kinunuliwe au kirudi kilikotoka.

Darasa hilohilo lina mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Mzazi wake anataka kumnunulia lenzi ya kukuzia maandishi, na anataka ile yenye nguvu kuliko zote.

Maswali yangu: wiki nne zinatosha? Nipime nini hasa, maana sitaki kuamua kwa kuangalia tu kama mtoto amefurahi? Na huyo mzazi nimshauri nini?

---

TibaKazi

Wiki nne zinatosha, Mwalimu, ila usizitumie zote kwenye kishikwambi. Siku tatu za mwanzo pima bila kifaa. Usipokuwa na kipimo cha penseli, mwisho wa mwezi utabaki na "anakipenda" na "amechangamka", na hayo mtoto yeyote atayaonyesha akipewa skrini.

Kabla ya yote andika mambo manne kwa mfuatano huu: mwanafunzi, mazingira, kazi, ndipo zana. Mpangilio huu ni wa Joy Zabala. Wengi huupindua na kuanza na la nne kwa sababu kifaa kimeshafika mezani. Kazi nayo iwe finyu. "Kuandika" ni pana mno. Kunakili kutoka ubaoni, kujibu kwa neno moja, kutunga aya na kupanga hesabu kwa safu ni kazi nne tofauti, na kifaa kinachookoa ya tatu kinaweza kuivuruga ya nne. Kwa huyu chagua kutunga aya, basi.

Kila kipimo kiwe dakika 15, kazi ya aina ileile, saa ileile ya siku. Hesabu maneno yanayosomeka, na ayasome mtu asiyemfahamu mtoto, kwa kuwa wewe umeshauzoea mwandiko wake. Hesabu mara ulizomsaidia au kumkumbusha. Kisha linganisha dakika tano za kwanza na tano za mwisho: hapo ndipo uchovu unapojionyesha. Kwa mtoto ambaye misuli inakakamaa, uchovu una uzito kuliko kasi. Maneno 40 kwa robo saa hayana maana kama kipindi kinachofuata hawezi tena kuinua mkono.

Siku zinazobaki za wiki ya kwanza usipime kitu, ni za kujifunza. Kifaa kipya mara nyingi huwa na kasi ndogo kuliko penseli mwanzoni, na majaribio mengi hufia hapo. Kuanzia wiki ya pili pima mara tatu kwa wiki, na mojawapo ya siku hizo arudi kwenye penseli. Bila siku hiyo hutajua kama kilichosaidia ni kifaa au mada imezoeleka tu. Na usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kibodi na kiti siku moja, huna tena jaribio.

Kiti chenyewe kitazame kabla ya skrini. Nyonga zifike nyuma kabisa ya kiti, nyayo zikanyage kitu kigumu (kama miguu inaning'inia, weka kibao chini), meza iwe usawa wa kiwiko ili mkono wote wa mbele upate pa kuegemea. Kishikwambi kiinamishwe kidogo kumwelekea na kifungwe kisiteleze, kwa velkro au mkeka wa mpira. Kikiteleza, nguvu zote zitaishia kukikimbiza. Vifaa vingi vinavyoambiwa havimfai mtoto, kosa lilikuwa la meza.

Ikiwa kidole hakitui panapotakiwa hata baada ya hayo, jaribu swichi: kitufe kimoja kikubwa, na mwanga unaopita kwenye chaguo moja moja mpaka abonyeze. Jaribu kiganja, upande wa kichwa, goti na mguu. Kila sehemu mpe nafasi 20 za kubonyeza ukisema "sasa", kisha hesabu alizopata, alizokosa na alizobonyeza bila kuambiwa. Chagua sehemu yenye makosa machache, hata kama mjongeo wake ni mdogo kuliko wa mkono. Kasi ya mwanga isikisiwe: pima wastani wa muda anaochukua kubonyeza tangu umwambie, halafu gawanya kwa 0.65. Akichukua sekunde 1.3, mwanga ukae sekunde 2 kwa kila chaguo. Ukiuharakisha ili "apate mazoezi" unamfundisha kukosa.

Jambo moja nalitilia mkazo: muulize yeye. Utafiti wa Phillips na Zhao uliofanyika Marekani mwaka 1993 ulikuta karibu vifaa 3 kati ya 10 viliachwa na wenyewe, na mojawapo ya sababu ni kutosikilizwa kwa maoni ya mtumiaji wakati wa kuchagua. Ana miaka 12. Akiona kifaa kinamtenga na wenzake atakiacha, hata takwimu zako ziwe nzuri namna gani.

---

Mwl_UoniHafifu

Nijibu la lenzi. Mzuie mzazi asinunue kwanza.

Nguvu ya lenzi ina gharama yake. Lenzi ya dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) inalenga sentimita 10 kutoka kwenye karatasi, ya dayopta 20 inalenga sentimita 5. Kadiri nguvu inavyopanda, jicho na lenzi vinasogea karibu na ukurasa, na eneo linaloonekana linapungua. Mtoto anayeona herufi nne kwa mpigo atayaunganisha maneno kama anayesoma kwa tundu la ufunguo, na katikati ya mstari ameshasahau mwanzo. Inayotafutwa ni lenzi dhaifu kuliko zote zinazotosha.

Namna ya kuipata: chapa vifungu vifupi vyenye ugumu sawa kwa ukubwa wa pointi 12, 14, 18, 24 na 36. Asome kwa sauti akianzia ule mkubwa, wewe hesabu maneno kwa dakika. Mara nyingi utaona kasi inabaki palepale, kisha kwenye ukubwa fulani inaporomoka. Ukubwa wa mwisho kabla ya poromoko ndio mahitaji yake. Chini ya hapo anateseka, na kwenda juu zaidi kunampotezea nafasi tu. Kisha rudia kipimo kwenye ukubwa huo baada ya dakika 20 za kusoma mfululizo. Kasi ikianguka sana, ukuzaji peke yake hautambeba shuleni: anza kumfundisha nukta nundu au kusikiliza sambamba na kusoma, wakati macho bado yanamsaidia. Kusubiri mpaka ashindwe kabisa ni kumwibia miaka.

Pengine hata lenzi haihitajiki. Kukuza karatasi ya A4 kuwa A3 kwenye mashine ya fotokopi kunaongeza ukubwa mara 1.41 tu, pointi 12 zinakuwa kama 17, na karatasi haikai tena mezani. Bora kuchapa upya kwa pointi 18 kwenye A4. Kwa ubaoni, kusogeza dawati hadi nusu ya umbali kunafanya maandishi yaonekane makubwa mara mbili, bila kifaa chochote. Kwenye skrini, kukuza kwa asilimia 200 kunabakiza robo tu ya ukurasa, kwa hiyo mfundishe kupangilia upya maandishi yaendane na upana wa skrini, asiwe anasukuma ukurasa kulia na kushoto.

Mwanga utoke nyuma yake, upande usio wa mkono anaoandikia. Karatasi isiwe ya kung'aa. Na kipimo cha macho kifanyike upya kabla ya haya yote: miwani iliyopitwa na wakati inaharibu kila jaribio.

---

Mwalimu_Darasa

Asanteni sana. Vipimo vya penseli nimeshachukua: maneno 14, 11 na 12 kwa dakika 15, na karibu yote yako ndani ya dakika tano za kwanza. Leo tumeanza kishikwambi na mambo mawili yamenikwamisha. Akigusa herufi moja zinatoka tatu au nne. Pia anaandika Kiswahili sahihi, kifaa kinabadilisha maneno yawe Kiingereza. Nifanyeje?

---

Fundi_Ufikivu

Yote mawili ni mipangilio, kifaa hakina kosa.

Herufi kujirudia: fungua mipangilio, nenda sehemu ya ufikivu (Accessibility). Kwenye iPad na kwenye baadhi ya vishikwambi vya Android, kama vya Samsung, kuna mahali pa kuamuru skrini ipuuze miguso inayorudiwa harakaharaka. Anza na nusu sekunde, punguza pole pole. iPad pia inaweza kusubiri kidole kitulie kwa muda fulani ndipo ikubali mguso; hiyo inasaidia kidole kinachoparuza kabla ya kutua. Ukipata kompyuta ya Windows, shikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 kuwasha huduma kama hiyo. Shift mara 5 mfululizo inawasha ile ya kubonyeza vitufe viwili kwa zamu badala ya pamoja.

Maneno kugeuzwa: ongeza kibodi ya Kiswahili, kisha zima kabisa urekebishaji wa maneno wa kujiendesha. Utabiri wa maneno, yaani orodha ya maneno ambayo kifaa kinapendekeza anapoandika, unaweza kuubakiza, lakini upime peke yake baadaye. Kila anapoinua macho kutazama orodha anapoteza muda, na kwa lugha yetu faida ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba viambishi vingi. "Watakapomwandikia" halimo kwenye orodha ya programu nyingi. Nomino na majina ya watu ndiyo yanayotabirika vizuri.

Ukitaka kifaa kimsomee alichoandika, hakikisha sauti ni ya Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili, mtoto hawezi kusikia kosa lake. Programu ya sauti ya eSpeak NG inasoma Kiswahili bila intaneti. Sauti yake ni kavu kidogo lakini inatamka sawasawa. Kwa yule mwenzake mwenye uoni hafifu, programu ya NVDA, kisoma skrini cha kompyuta za Windows kinachotamka kilichoandikwa, ni ya bure na inakuja na eSpeak ndani. Ila kitabu kilichopigwa picha kikawa PDF, kisoma skrini hakitasema neno mpaka kigeuzwe kuwa maandishi. Kiskani kwa nukta 300 kwa inchi, ukurasa ukiwa bapa, kisha upitie hesabu kwa macho: sehemu na vipeo ndivyo vinavyoharibika kwanza.

Mwisho, ukifika kwenye swichi za Bluetooth: nyingi hulala zisipoguswa, na mbonyezo wa kwanza unaishia kuiamsha tu. Usiuhesabu kama kosa la mtoto. Swichi ya waya yenye jeki ya milimita 3.5 haina ugonjwa huo, japo itahitaji kiunganishi cha kuiingiza kwenye kishikwambi.

---

TibaKazi

Maneno 14, 11, 12 ni msingi mzuri, Mwalimu. Sasa andika leo, kabla hujaona matokeo, utakubali nini. Kwa mfano: angalau maneno 25 kwa dakika 15, dakika tano za mwisho zisipungue nusu ya zile za kwanza, na msaada wako usizidi mara mbili. Mwonyeshe mtoto na mzazi. Kigezo kinachoandikwa baada ya matokeo huwa kinafuata kile ambacho watu walishakitaka.

Halafu kuna hili ambalo hukuuliza. Umesema anaeleweka na waliomzoea tu, kwa hiyo mtu atapendekeza kishikwambi hichohicho kimsemee. Kwa wiki hizi nne usichanganye. Akiwa anaandika aya hawezi papo hapo kukitumia kuomba maji au kusema hajaelewa swali. Kwa mawasiliano mpe ubao wa karatasi, maneno 30 hadi 40 anayoyahitaji kila saa: nataka, acha, tena, sijaelewa, nisaidie, bado, mimi, wewe. Kila neno libaki mahali pake siku zote, maana mkono wake unakariri njia. Na nyinyi watu wazima mguse maneno hayohayo kwenye ubao mnapozungumza naye, la sivyo hataona mtu yeyote akiutumia. Ubao hauishiwi chaji, na utabaki naye hata kishikwambi kikirudishwa.

Chagua pia mtu wa pili, mwalimu au mwanafunzi mwenzake, anayejua kukiwasha, kukifunga mezani na kuirudisha mipangilio ya miguso ikibadilika. Siku ambayo wewe haupo ipimwe kama siku nyingine yoyote.