Naombeni ushauri: tasnifu yangu ya nyuklia niielekeze kwenye mkataba upi?

Wakuu habari zenu, naandaa tasnifu kuhusu silaha za nyuklia na nimekwama niegemee wapi. Kuna huu mkataba wa kuzuia kuenea, NPT, ulioanza kazi 1970, unatambua nchi 5 tu kuwa zenye silaha hizo, Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, wengine wote wanaahidi kutotengeneza halafu na hao wakubwa kifungu cha 6 kinawataka wajadiliane kwa nia njema kuziondoa. Sasa hapo ndo roho inaniuma, miaka zaidi ya 50 imepita bado wanazo na tena wanaziboresha!! Halafu mlango wa kutoka upo wazi, kifungu cha 10 kinaruhusu kujitoa kwa notisi ya miezi 3, Korea Kaskazini ikatangaza kutoka 2003 na 2006 ikalipua bomu la majaribio. India, Pakistan na Israel hawajawahi hata kujiunga.

Upande wa pili kuna ule wa kupiga marufuku kabisa, ulipitishwa 2017 ukaanza kutumika Januari 2021, ila hakuna hata nchi moja yenye nyuklia iliyoingia. Mi moyo wangu uko huku kwa kweli, ila naogopa wasimamizi wataona naandika ndoto.

Kwa mliosoma sheria za kimataifa, nikomae na kifungu cha 6 peke yake au nilinganishe yote miwili? Na ukaguzi wa IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki) niuweke sura gani, maana bila wakaguzi ahadi zinabaki karatasi tu. Nitasoma chochote mtakachonielekeza.