Bendi changa ya gitaa yaweza kupanda kwa nguvu ya mashabiki tu?

Fundi wa Jinja: Wakuu, chukueni bendi ya Arctic Monkeys. Vijana wa High Green, pembeni ya Sheffield kule Uingereza, wameanza 2002, kwenye shoo wanagawa CD za demo bure na mashabiki wenyewe wakazitupia mtandaoni. Januari 2006 albamu ya kwanza ikatoka, wiki ya kwanza tu zikauzwa zaidi ya nakala 360,000. Sasa mbona bendi zetu changa hapa Uganda zinakaa kungoja promota? Najua gitaa si letu ila moyo ni wetu.

Mama Mbale: Gitaa si letu?? Hapo sikubali. Fred Masagazi na Elly Wamala wameimba na gitaa miaka ya sitini, bendi ya Afrigo wako jukwaani tangu 1975, leo mtoto wa juzi anakuja kutuambia si letu. Mwanangu, waheshimu wazee.

Kijana wa Ntinda: Mama shikamoo, lakini Afrigo ni Moses Matovu na Matovu ni saksafoni.

Mama Mbale: Marahaba. Kwani nyuma yake hapakuwa na magitaa? Na Paul Kafeero je? Muziki wake kadongo kamu, mtu mmoja na gitaa lake anakusimulia kisa kizima, baa nzima imenyamaza. Amefariki 2007 na kwenye matatu bado tunamsikia.

Mzee wa Kasese: Tumesahau swali. Hao Arctic Monkeys lebo ya Domino iliwasaini 2005, kabla albamu haijatoka. Lebo huru sawa, lakini ni lebo, ina watu na ina hela. Mashabiki waliwafikisha mlangoni, aliyefungua ni mwingine.

Mwana wa Arua: Nyie mkisema Uganda mnamaanisha Kampala tu, inauma sana. Huku West Nile Waalur wana adungu, kinubi cha asili, ndogo, za kati mpaka ile kubwa ya besi mtu anakaa nayo chini, kundi zima linapiga kwa pamoja kanisani na harusini. Hiyo ndiyo bendi ya nyuzi, na haikungoja mtu alete gitaa.

Kijana wa Ntinda: Adungu ni ya asili kaka, hapa tunaongelea bendi.

Mwana wa Arua: Watu kumi wanapiga pamoja wewe unaita nini? Nijibu hilo.

Fundi wa Jinja: Jamani mimi nilisema mashabiki! Wenzetu walitumiana nyimbo bure, sisi 2018 tukawekewa kodi ya mitandao ya kijamii, OTT, shilingi 200 kwa siku hata kuingia WhatsApp, msanii mchanga atasikika vipi?

Dada wa Kabalagala: OTT ilishaondoka 2021 ikaja ya bando, usijifiche hapo. Mimi nafanya kazi baa, nawaona. Vijana wanne, ampu moja ya kukodi, gitaa na besi zote zimechomekwa humo humo sauti inakwaruza, wakianza wimbo wao wenyewe bosi anawapungia mkono wapige kopi za nyimbo za watu. Wakimaliza hao vibandani wanakojaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, wanaomba zao ziwekwe humo. Wanajituma kuliko mnavyodhani na hakuna anayewangoja mapromota.

Mama Mbale: Binti, hao vijana wanapiga kadongo kamu au ya kizungu?

Mwana wa Arua: Mimi bado sijajibiwa kuhusu adungu.