PERC 6/i baada ya sasisho la 8.10: ELRepo, AlmaLinux au Debian?

mtunza_seva
Salaam, wakuu. Ninatunza Dell R710 yenye kadi ya RAID (inayosimamia diski) aina ya PERC 6/i. Seva hutumia Rocky Linux 8 kwa msaada wa moduli (draiva ya ziada) ya kmod-megaraid_sas kutoka ELRepo, hifadhi huru ya draiva. Baada ya kusasisha kutoka 8.9 kwenda 8.10, kadi huripoti diski moja pepe kama kawaida na GRUB (menyu ya kuwashia) hufunguka, lakini dracut (zana ya hatua za mwanzo za kuwasha) husubiri dakika kadhaa kisha huniacha kwenye `dracut:/#` ikidai kuwa haioni mzizi wa mfumo. Je, nibaki na ELRepo, nihamie AlmaLinux, au nisimike Debian?

fundi_keneli
Kwanza, tafadhali usiingie Ctrl+R kufuta usanidi wa RAID, kwa kuwa data yako haina tatizo. Chagua keneli (kiini cha mfumo) ya zamani kwenye GRUB, kisha endesha `lspci -nnk`, na utaiona kadi hiyo kwa namba 1000:0060. RHEL 8 (Red Hat Enterprise Linux) iliiondoa namba hiyo kwenye draiva ya megaraid_sas, na Rocky huifuata RHEL. Ndiyo maana `lsmod` huwachanganya wengi, kwani jina la draiva limo ilhali kadi haitambuliwi. Moduli ya ELRepo hujengwa kwa kufuata toleo dogo maalumu, hivyo ukivuka toleo huweza kukataliwa na keneli mpya, na initramfs (faili ya kuwashia yenye draiva za mwanzo) ikatengenezwa bila moduli hiyo. Sakinisha iliyojengwa kwa 8.10, uendeshe `dracut -f --kver` kwa keneli mpya, na kabla ya kuzima seva uhakikishe kwa `lsinitrd` kwamba imo. Inafanya kazi, ila kila toleo jipya utarudia ibada hiyo.

bawabu
Mimi ningehamia AlmaLinux. Tangu 8.10 na 9.4, zote za mwaka 2024, keneli yao imerudisha kadi nyingi zilizoondolewa, na almalinux-deploy huhamisha Rocky bila kusimika upya. Ukishahama, iondoe kmod ya ELRepo isije ikaitangulia draiva ya keneli.

mzee_wa_swap
Debian haikuwahi kuiondoa kadi hii, lakini kusimika upya seva inayofanya kazi kwa sababu ya namba moja ya PCI naona ni gharama kubwa. Na asikushawishi mtu ununue H700, kadi nyingine ya RAID ya Dell, ukidhani utapona daima: nayo iliondolewa kwenye RHEL 9.

mtunza_seva
Nashukuru, wakuu. Keneli ya 8.9 imewaka, na `lsinitrd` imeonyesha kuwa initramfs ya 8.10 ina megaraid_sas ya keneli yenyewe tu. Nimechukua nakala ya data, na Jumamosi usiku nitahamia AlmaLinux 8.10, keneli hii ya zamani nitaiacha kwenye GRUB hadi seva iwake mara mbili mfululizo bila kusaidiwa.