Mtu akinyamaza kwenye mkutano hajakubali! Mameneja wa timu za mataifa mengi, uzi huu ni wenu

Wakuu, nina hasira, na nitaandika nikiwa nazo hivyo hivyo.

Mwenzetu kwenye timu amepewa tathmini yake ya utendaji ya mwaka. Kipengele cha mawasiliano amepigwa alama ya chini kabisa, na maelezo ni mstari mmoja: "Hatoi taarifa mapema." Lawama hiyo inahusu mradi uliochelewa, na mkutano wa kupanga ratiba yake mimi nilikuwemo. Meneja aliuliza mbele ya watu wote, mteja akisikiliza kwenye skrini: "Tarehe hiyo tutakuwa tumemaliza, au siyo?" Yule bwana akatazama karatasi zake, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Tutajitahidi. Ila majaribio ya mfumo yanataka muda, na vifaa bado havijafika." Meneja akasema safi sana, akahamia ajenda inayofuata.

Kwa malezi ya mtu huyu, hiyo ilikuwa hapana, tena hapana nzito. Mkubwa wako humkatalii mbele ya mgeni. Unamwekea sababu mezani, anaziona mwenyewe, baadaye anakuita pembeni mnapanga upya. Alitoa sababu mbili zinazoeleweka na akamlindia meneja heshima yake mbele ya mteja. Alipoona haitwi, akaandika barua pepe kuuliza vifaa vimefikia wapi. Onyo la pili hilo. Akajibiwa "vinakuja". Mradi umechelewa kwa sababu zile zile mbili alizozitaja, na leo faili lake linasema hatoi taarifa.

Kutoelewana kupo, sikatai. Kinachoniuma ni kwamba hasara ya kutoelewana inabebwa na upande mmoja, na siku zote ni ule ule: wa chini, mgeni, anayefanya kazi kwa lugha yake ya pili au ya tatu. Sijawahi kuona tathmini ya meneja iliyoandikwa "hajui kusikiliza".

Na msiniambie dawa ni watu wawe wawazi tu. Tunaye mwingine aliyekulia mahali ambapo kusema wazi ndiyo heshima yenyewe. Alimwambia mkuu wa kitengo kwenye kikao, "Hesabu hii si sahihi, safu ya tatu imejumlishwa mara mbili." Alikuwa sahihi, na hesabu ilirekebishwa siku hiyo hiyo. Tathmini yake? "Ana lugha kali, ajifunze kushirikiana." Kwa hiyo anayezunguka ana kosa na anayenyoosha ana kosa. Kipimo kinachotumika ni mazoea ya bosi, basi, na hakuna aliyewahi kuyaandika mahali watu wayasome.

Mnaodhani haya ni mambo madogo ya hisia, tafuteni habari za ndege ya Avianca, safari namba 52, iliyokuwa inatoka Colombia kwenda New York tarehe 25 Januari 1990. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikazungushwa angani kwa zaidi ya saa moja. Rubani msaidizi aliwaambia waongozaji wa ndege kwamba wanahitaji kipaumbele, baadaye akasema mafuta yanawaishia, lakini hakutamka kwamba ni dharura. Yeye alijua hali yao ni mbaya kiasi gani. Waliokuwa wanamsikiliza chini hawakujua. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka Long Island, na watu 73 kati ya 158 wakafariki.

Wachunguzi wa Marekani waliwakuta marubani na makosa: hawakusimamia mafuta vizuri na hawakutangaza dharura kabla ya kuishiwa. Lakini hawakuishia hapo. Walitaja pia kwamba hapakuwa na maneno sanifu, yanayoeleweka kwa rubani na mwongozaji, ya kueleza mafuta yakipungua na yakifikia hatari. Leo maneno hayo yapo kwenye taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na pande zote mbili zinawajibika kuyajua. Wenye kazi inayoua watu wameona kwamba kumlaumu msemaji peke yake hakutoshi. Sisi wa maofisini tunashindwa nini?

Halafu kuna hizi semina za "utamaduni kazini". Mnakalishwa ukumbini, mnaonyeshwa slaidi: watu wa nchi hii wako hivi, watu wa nchi ile wako vile. Nyingi zinachota kwa Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua dodoso za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi, zilizokusanywa kati ya 1967 na 1973. Kazi kubwa, siibezi. Lakini Hofstede mwenyewe alionya kwamba alama zile ni za kulinganisha jamii na jamii, hazifai kumpimia mtu mmoja mmoja. Kwenye semina onyo hilo halisemwi. Mtu anatoka pale akiwa na lebo za kumbandika jirani yake wa meza, na lebo ni mbaya kuliko ujinga, maana mjinga angalau anauliza.

Hata vitu vya kawaida kabisa vinatushinda. Tarehe inaandikwa 04/05: Mmarekani anasoma Aprili 5, wengine wengi wanasoma Mei 4. Kiwango cha kimataifa cha kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kipo miaka mingi sasa, na mikataba bado inatumwa hivyo hivyo. Mikutano inapangwa Ijumaa kwa watu ambao Ijumaa kwao ni mapumziko, kisha wanaitwa wazembe.

Ninachodai hakihitaji bajeti. Meneja, acha kuuliza maswali ya "au siyo" mbele ya mteja. Uliza: ili tarehe hii iwezekane, kinakosekana nini? Swali hilo hata mpole kuliko wote atalijibu bila kumvunjia mtu heshima. Tuma ajenda mapema ili anayefikiri kwa lugha nyingine apate muda wa kupanga maneno yake. Ongea na mtu pembeni kabla ya kikao. Ukisikia "ila", simama hapo hapo uulize ila nini! Mwisho wa kikao, kila mmoja aandike alichoelewa, na wewe meneja uwe wa kwanza kuandika.

Sasa nyinyi mliomo humu mnaofanya kazi rasilimali watu, nawauliza na nataka jibu: kile kipengele cha "anawasiliana vizuri" mnakipima kwa kigezo gani, na nani alikiweka? Na mwenzangu akitaka kupinga ile alama, barua zake na kumbukumbu za kikao alizonazo zinatosha, au aambatanishe nini kingine? Ana hadi mwisho wa mwezi huu kukata rufaa.