Kijana mkimya, wiki sita za likizo, na pauni 100

Kutoka: Mama N., Barking
Jumapili, 14 Juni

Assalaam aleikum na habari zenu nyote.

Naomba ushauri, na naomba uwe wa watu waliokwishapitia. Kijana wangu ana miaka 14, yuko mwaka wa 9. Tulikuja naye kutoka Tanga akiwa na miaka tisa. Kule nilikuwa nikimtuma dukani kwa Mpemba, anahesabu chenji mwenyewe na kurudi na habari za mtaa mzima. Hapa London amenyamaza. Kuna siku alisoma neno vibaya darasani, wenzake wakacheka, na tangu hapo hanyooshi mkono. Mwalimu anasema ni "mtulivu sana", nami nimeishi nchi hii vya kutosha kujua kwamba hiyo si sifa. Mgeni akipiga hodi, anapotelea chumbani. Babu yake akipiga simu, maneno ni mawili tu: shikamoo, na ndiyo.

Mwaka jana nilijikamua nikalipa pauni 180 kwa wiki moja ya kambi ya maigizo. Niliambiwa inafungua watoto. Siku ya kwanza walimsimamisha katikati ya duara ajitambulishe kwa kucheza. Siku ya pili alijifungia chooni mpaka saa sita. Siku ya tatu hakwenda, na pesa hairudi.

Safari hii nina pauni 100 kwa likizo nzima. Mimi nafanya zamu kwenye nyumba ya wazee, baba yake anaendesha gari usiku na kulala mchana. Sitaki mtoto akae gizani na simu mpaka Septemba. Wenzangu mmefanyaje?

---

Kutoka: Baba wa watatu, Leicester
Jumapili, 14 Juni

Mama N., pole. Hiyo pauni 180 imeniuma mimi, seuze wewe.

Tuanze na vya bure. Kama kijana anapata chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato chenu, ana haki ya nafasi kwenye mpango wa HAF, ule wa shughuli na chakula wakati wa likizo. Kiangazi huwa ni wiki nne, siku nne kwa wiki, saa nne kwa siku, na chakula humo humo. Unachukua mpaka mwaka wa 11. Kama hapati chakula cha bure, usikate tamaa mapema. Halmashauri inaruhusiwa kutumia hadi asilimia 15 ya fedha hizo kwa watoto wengine wenye uhitaji, kwa hiyo piga simu uulize.

Ila uliza pia kituo kipi ni cha vijana. Wangu wa pili nilimpeleka bila kuuliza, akajikuta yeye ndiye mkubwa kati ya watoto wa miaka sita wanaopaka rangi vinyago. Alirudi amenuna mpaka Alhamisi.

Kuhusu nauli, nyinyi wa London mna bahati. Kadi ya Zip ya miaka 11 hadi 15 inampandisha basi na tramu bure. Sisi huku tunalipa.

---

Kutoka: Mama K., Reading
Jumatatu, 15 Juni

Mpeleke kadeti, vile vikundi vya vijana vya mafunzo ya kijeshi. Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo. Miezi minne ya gwaride, sasa anaongea mpaka namwambia apumzike. Ada ni ndogo na kiangazi wana kambi.

---

Kutoka: Ndugu wa Bukavu, Sheffield
Jumatatu, 15 Juni

Bandugu, jambo. Mama K., sikupingi, lakini kwangu haiwezekani. Sisi tulikimbia watu waliovaa nguo hizo. Mtoto wangu aliwahi kuleta fomu kutoka shule, nikairudisha bila saini, na yeye alielewa.

Kwa wenye moyo kama wangu, St John Ambulance, lile shirika la huduma ya kwanza, nao wana kadeti, miaka 10 hadi 17. Nguo rasmi ipo, lakini wanachofundishwa ni kufunga jeraha na kumlaza vizuri mtu aliyezimia. Binti yangu alianza na bandeji, kazi ya mikono, haihitaji maneno mengi. Ni kikosi cha mwaka mzima, na vingine hupumzika Agosti, kwa hiyo uliza sasa.

---

Kutoka: Shangazi, Milton Keynes
Jumatatu, 15 Juni, usiku

Mama N., kosa la ile kambi halikuwa bei. Walimpa jukwaa, na mtoto wa namna hii haombi jukwaa, anaomba kazi. Ukimwambia "jieleze", anakufa. Ukimwambia "shika hii, simama pale, kila anayepita mfanyie hivi", anaweza. Nasema kwa sababu ya binti yangu.

Mnaijua parkrun? Kila Jumamosi saa tatu asubuhi watu wanakimbia kilomita 5 bustanini, bure kabisa. Ilianza Bushy Park, huko huko London, mwaka 2004, na siku ya kwanza walikuwa wakimbiaji 13. Sasa iko kila mahali. Wengi hawajui kwamba inaendeshwa na watu wa kujitolea, na kwamba si lazima ukimbie. Unaandika barua pepe kwa tawi la karibu, wanakupangia kazi. Kwa mtoto wanataka ridhaa ya mzazi.

Binti yangu walimpa kusoma misimbo. Kila anayemaliza hupewa kibao chenye namba ya nafasi yake, halafu anakuja kwako na msimbo wake wa mistari, wewe unaelekeza simu, inalia, mnaagana. Basi. Wiki ya kwanza nilisimama mbali nikijifanya natazama bata. Alikuwa anaelekeza simu bila kuinua macho. Wiki ya pili akaanza kusema "hongera". Neno hilo hilo, labda mara 100 asubuhi moja, kwa watu ambao hawakumjua na hawakumtaka aseme zaidi.

Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu: mtu aliyetoka kukimbia kilomita tano hana pumzi ya kukuhoji. Hakuulizi unatoka wapi hasa, wala ukikua unataka kuwa nani. Anahema, anatoa msimbo, anashukuru, anakwenda. Kwa mtoto anayeogopa maswali hakuna umati mwema kuliko ule. Wiki ya tano mzee mmoja alisahau msimbo wake nyumbani, na binti yangu ndiye aliyemfuata na kumweleza kwamba hatapata muda wake siku hiyo. Kwa Kiingereza, kwa sauti, bila kunitazama mimi.

Maktaba pia. Kila kiangazi kuna mashindano ya kusoma ya watoto wa miaka 4 hadi 11, na maktaba nyingi huchukua vijana wa kujitolea wa kuwahudumia. Nenda wiki hii, nafasi hujaa Juni.

---

Kutoka: Kaka wa sambusa, Newham
Jumanne, 16 Juni

Mama N., mbona mnazunguka? Nina kibanda sokoni. Kijana aje Jumamosi akaange na kuuza, nampa pauni 30. Mteja mwenye njaa atamfundisha kuongea.

---

Kutoka: Dada wa Croydon
Jumanne, 16 Juni

Kaka, nia yako njema, lakini polepole. Mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu. Wakati wa likizo ni saa 25 kwa wiki na si zaidi ya saa 5 kwa siku. Jumapili ni saa 2 tu za kazi. Asianze kabla ya saa moja asubuhi wala kupita saa moja jioni. Mwajiri ndiye anayeomba kibali kwa halmashauri, na bila kibali bima yako inaweza ikakugeuka siku mafuta yakimrukia. Kukaanga jikoni kwa biashara sahau kabisa. Kuuza barabarani sheria inakubana zaidi. Ongea na halmashauri yako kwanza.

---

Kutoka: Kaka wa sambusa, Newham
Jumanne, 16 Juni

Sawa. Basi aje kama mteja, sambusa mbili bure, lakini aagize mwenyewe.

---

Kutoka: Mzee wa bao, Ilford
Jumatano, 17 Juni

Wanangu, naona mmeanza kumtibu mtoto kabla ya kumuuliza anaumwa wapi.

Kuwa na haya si ugonjwa. Kwetu mtoto mwenye haya ndiye aliyepewa sinia la wageni alishike. Lakini haya na woga si kitu kimoja. Mwenye haya anakusalimu, anaondoka. Mwenye woga anakukimbia. Huyu anayepotelea chumbani naona ni wa pili, na dawa umeitaja mwenyewe, Mama N., katika mistari yako ya kwanza: alikuwa akitumwa. Hapa nani anamtuma? Maziwa mnaagiza kwa simu. Dukani analipia kwenye mashine. Kwa daktari unamsemea wewe. Mtoto anaweza kukaa London mwezi mzima bila kufungua kinywa na asipungukiwe na kitu.

Anza kumtuma. Akanyoe peke yake, amweleze kinyozi anachotaka. Apeleke kifurushi posta. Akirudi na kitu sicho, usimrudie wewe, arudi yeye.

Na Jumamosi mlete kwangu baada ya alasiri. Tuko wazee sita, saba, na mbao mbili. Bao halitaki ujieleze. Mashimo 32, kete 64, na kelele zote ni zetu. Mwanzo atakaa pembeni aangalie tunavyonamua, yaani tunavyoingiza kete za mkononi. Sisi hatutamsemesha, tumezoea. Lakini ipo siku atamwona mtu anataka kutakata, yaani kucheza bila kula, wakati ana pa kula, na hapo hakuna binadamu anayenyamaza.

---

Kutoka: A., Toronto
Jumatano, 17 Juni

Shikamoo Mzee, shikamooni wakubwa wote. Mimi nina miaka 22 na huwa nasoma tu humu, leo nimejitia ujasiri.

Mimi ndiye nilikuwa huyo kijana. Huku Ontario huwezi kupata cheti cha sekondari bila saa 40 za kujitolea, ruksa kuanza kiangazi kabla ya darasa la 9. Nilizifanya maktabani, kupanga vitabu. Nilipenda kwa sababu zilikuwa za lazima kwa kila mtu. Hakuna aliyeniambia nimepelekwa pale ili nirekebishwe.

Mama N., naomba jambo moja kwa heshima. Usimwambie mtu mbele yake kwamba ana aibu. Mama yangu alikuwa akisema hivyo kila mgeni akija, kwa mapenzi tu, kunitetea. Lakini ukishatangazwa, ukiongea kila mtu anageuka: "Ah, leo ameongea!" Basi unaona afadhali kunyamaza.

---

Kutoka: Mama N., Barking
Jumatatu, 7 Septemba

Assalaam aleikum tena. Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka niwe na la kusema.

HAF tulipata, akaenda siku tatu akaacha. Hakukuwa na ubaya, mpira tu, na yeye mpira haupendi. Sikumlazimisha. Tulijaribu na shamba la wanyama la Mudchute, kule Isle of Dogs, kuingia ni bure. Mbuzi aliwapenda, lakini ilikuwa mabasi mawili na mvua, hakurudi.

Maktaba walikuwa wamebakiza nafasi moja. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani, mtoto anakuja na kitabu alichomaliza, anamsimulia, yeye anaweka alama na kumpa zawadi. Nilidhani itamshinda. Kumbe pale anayesimulia ni mtoto, yeye kazi yake kusikiliza, na kusikiliza anajua kuliko sisi sote nyumbani. Kuna kabinti ka miaka mitano kalikuwa hakakubali kuhudumiwa na mwingine. Siku moja kakamwomba akasomee kwa sauti. Aliniambia usiku, ananipa mgongo, anaosha vyombo: "Nilisoma ukurasa mmoja." Nikasema vizuri, nikaendelea kukunja nguo. A. wa Toronto, nilikukumbuka wewe. Nilijing'ata ulimi kweli.

Parkrun alikwenda mara nne. Kuamka Jumamosi ndiko kulikomshinda, si watu.

Mzee, shikamoo. Yako unayajua. Wiki tatu alikaa pembeni na simu mfukoni. Ya nne akarudi nyumbani amekasirika kwamba kuna mtu kati yenu anaiba kete. Nikamuuliza, ukasemaje? Akasema nilimwambia. Sasa kila Jumamosi baada ya alasiri simwoni, na amemwambia babu yake wa Tanga achonge bao, alilete mgeni atakayekuja. Waliongea dakika ishirini, sehemu kubwa kubishana kuhusu nyumba, lile shimo kuu la bao, inaliwa lini.

Na dukani kwa Kaka aliagiza sambusa mwenyewe. Aliagiza tatu.

Mengine bado. Shuleni sijui atakuwaje, wamefungua juzi tu, na mgeni akija bado anaingia chumbani, ila sasa anasalimu kwanza. Katika zile pauni 100 nimetumia 61: viatu, kinyozi mara mbili, pauni mbili za kahawa kila Jumamosi kwa wazee (Mzee alikataa, kijana akasisitiza) na vitafunio.

---

Kutoka: Baba wa watatu, Leicester
Jumatatu, 7 Septemba

Mashallah. Kwa kuwa ameshatimiza 14, ulizia shuleni tuzo ya vijana ya Duke of Edinburgh, ngazi ya shaba. Kwetu Kenya ndiyo President's Award. Kujitolea maktabani ni sehemu yake mojawapo, halafu kuna safari ya miguu ya siku mbili, kulala usiku mmoja kwenye hema, wao na ramani yao. Ukiwaambia uwezo ni mdogo, shule nyingi huwa na namna ya kusaidia ada.

---

Kutoka: Mama N., Barking
Jumanne, 8 Septemba

Fomu ameileta mwenyewe jana, kabla sijasoma ujumbe wako. Imejazwa tayari, bado saini yangu.

Sasa naomba tena, jamani. Mwenye shanta kubwa ya mgongoni na mfuko wa kulalia ambao watoto wake hawautumii, atuazime mpaka safari iishe. Na viatu vya kutembea porini namba 42. Yeye mwenyewe atakuja kuvichukua, popote penye basi la London.