Mama katoka hospitali na sukari, huku nyumbani tunaanzia wapi?

BintiFaza
Asalaam aleikum jamani. Mamangu karudi Faza juzi, sukari ilimpanda mpaka akalazwa, sasa yuko kwa insulini asubuhi na jioni. Tumepewa dawa na tarehe ya kliniki, basi. Hakuna alouliza kama nyumbani kuna friji (hakuna), kama nauli ya boti mpaka Amu (mji wa Lamu) tutaipata kila mwezi, wala nani atabaki naye mimi nikitoka kuuza mahamri. Na linaloniuma zaidi hataki tena kula nasi kwa sinia, ati chakula chake ni cha mgonjwa, anakula chumbani peke yake, hata arusi ya jirani hakwenda. Mliouguza mlifanyaje?

Nesi_Malindi
Waaleikum salaam dadangu, pole. Insulini ambayo hamjafungua yataka friji, digrii 2 mpaka 8, hiyo muombe jirani ama zahanati wawawekee. Anayotumia sasa yaweza kukaa nje kama wiki nne ila nyingi hazitaki joto la kupita digrii 30 na kaskazi yenu mwaijua. Chukua chungu kidogo kitie ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga urowe maji, insulini itie ndani ya kile kidogo, funika kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Na tafadhali usiiweke kwa barafu ya samaki, ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Kuhusu kumwacha peke yake, muhimu ni aliye karibu ajue sukari ikishuka inakuwaje: kutetemeka, jasho, kuongea ovyo. Mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwa maji, mpime tena baada ya dakika 15. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na akidungwa lazima ale, asidungwe halafu akae akingoja urudi.

Abu_Shela
Dada hapo kwa sinia ndipo pa kuanzia. Mke wangu ana sukari miaka mingi na alijitenga hivyo hivyo, akawa hali vizuri, hata sindano akawa aziruka. Tulichofanya ni kubadilisha chakula cha nyumba nzima, wali kidogo, samaki wa kuchoma, kunde, mchicha kwa wingi, chai bila sukari kwa wote hadi watoto, wakalalamika kidogo wakazoea. Sasa yuko nasi. Arusini pia aende, halwa aipitishe tu, mtu akinyimwa watu anaugua mara mbili.

Nauli ongeeni na chama cha kina mama mtaani, wagonjwa wa sukari hapo Faza hawakosi, mkipangiwa kliniki siku moja mnachangia boti. Mtafuteni pia mhudumu wa afya wa jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa 2023, wengi wana mashine ya kupima sukari na wanakuja mpaka nyumbani.

BintiFaza
Allah awalipe. Jirani wa friji kakubali. Na Ramadhani je, mama kashasema atafunga?

Nesi_Malindi
Aongee na daktari mapema kabla mwezi haujaandama. Mtu wa insulini aliyelazwa karibuni ni katika wale tunaowaambia wasifunge. Akishikilia, ajipime mchana, kujitoboa kidole masheikh wengi wanasema hakufunguzi, na sukari ikishuka chini ya 4 kwa mashine (mmol/L) afungue hapo hapo hata kama magharibi imekaribia.