Dar–Mwanza saa moja na nusu? Mnatuona watoto!

Wakuu, habari za jioni. Mods, msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za tiketi. Hapa naongelea muda wa safari ya ndege.

Kutoka JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, hadi Mwanza, ukipiga mstari ulionyooka, ni kilomita kama 850. Tovuti za kupimia umbali huchukua hizo kilomita, zinagawa kwa mwendo wa jeti, zinaongeza nusu saa, basi umepata jibu. Wakala naye kanisomea hilohilo: "Kaka, saa moja na nusu tu, moja kwa moja." Nikalipa.

Usiku wa kuamkia safari ikaingia meseji: ndege imebadilishwa, tunapitia KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Nikampigia wakala. Akanijibu bila hata aibu kwamba umbali hauongezeki sana.

Na kwa kilomita hajadanganya, hapo ndipo nilipozidi kupandwa na hasira! Dar–KIA ni kama 450, KIA–Mwanza kama 470. Jumla 920. Zimeongezeka 70 tu, sawa na kuvuka kwenda Zanzibar. Lakini ndege si bodaboda ya kushusha abiria huku injini inaunguruma. Inashuka taratibu, inatambaa kwenye lami hadi maegesho, mizigo inatolewa, mingine inapakiwa, abiria wapya wanatafuta viti, halafu inaanza kupanda upya. Tena jeti iliondolewa, tukapewa ndege ya pangaboi, ambayo hata ikichanganya haigusi kilomita 700 kwa saa.

Pale KIA tunaoendelea tuliambiwa tubaki vitini. Kiyoyozi kimezimwa. Mama wa kiti cha mbele anampepea mwanawe kwa ile kadi ya maelekezo ya usalama, mtoto kalowa jasho hadi nywele zimemganda. Nikaomba maji, nikaambiwa huduma ni mpaka tukiwa angani. Haya.

Tuliondoka Dar saa 2 asubuhi, nikakanyaga Mwanza inakaribia saa 6 mchana. Meli ya Nansio ikawa imeniacha, na kule Ukerewe wazee wameshakaa kwenye kikao cha posa ya mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuwa na bahasha. Mshenga alivyonisemesha kwenye simu, tuyaache.

Mtu akilipia ndege analipia saa, kilomita angezifuata kwenye basi. Mnaouza tiketi, andikeni muda wa kutoka maegesho ya Dar hadi maegesho ya Mwanza, na kituo cha njiani kionekane kabla sijalipa. Mkibadilisha njia, nipeni nafasi ya kurudishiwa hela yangu yote, siyo "samahani kwa usumbufu".

Kuna mdau humu ameshawahi kupeleka lalamiko la namna hii TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwenye lile baraza la watumiaji? Wanataka vielelezo gani? Tiketi ninayo, meseji ninayo, na picha ya ubao wa pale KIA nilipiga kupitia dirisha la ndege.